Sanaa ya ordinatere: programu ikifa, kazi ya msanii inakufa nayo

Picha iliyochorwa kwa rangi inaweza kukaa ukutani miaka mia tatu. Sanamu ya mti, kama mchwa na moto havikuifikia, nayo hukaa muda mrefu. Lakini kazi ya sanaa iliyotengenezwa kwa ordinatere mwaka wa 1998 inaweza leo kukataa kufunguka, ingawa hakuna mtu aliyeigusa. Haikuchanika, haikuungua, haikuibwa. Programu iliyokuwa inaiendesha ndiyo imekufa.

Zaidi ya miaka ishirini sasa, nyumba za makumbusho za Marekani, Ulaya na Asia zinahangaika na tatizo hilo. Zilizoea kupangusa vumbi na kuziba nyufa. Sasa zinalazimika kutafuta watu wanaojua kusoma kode za zamani. Na kwa kuwa wasanii wa Congo nao wanatengeneza video, picha na kazi za intaneti, jambo hili si la watu wa mbali tena.

Disketi za Andy Warhol

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Andy Warhol, yule Mmarekani aliyepata jina kwa kuchora makopo ya supu ya Campbell's. Tarehe 23 mwezi wa saba mwaka wa 1985, mjini New York, kampuni ya Commodore ilizindua ordinatere yake mpya iliyoitwa Amiga 1000. Ili watu waone nguvu ya mashini hiyo, kampuni ilimualika Warhol. Mbele ya wageni, alikaa kwenye meza, akashika kipanya na kupaka rangi picha ya mwimbaji Debbie Harry kwenye kioo cha ordinatere.

Wakati huo ordinatere ilikuwa bado kitu cha ofisi na cha hesabu. Warhol aliendelea kuchora na Amiga, akahifadhi kazi zake kwenye disketi. Alifariki mwaka wa 1987. Disketi zikaishia katika nyumba ya makumbusho yenye jina lake mjini Pittsburgh, zikatunzwa vizuri, kila moja mahali pake. Hakuna aliyeweza kuona kilichomo. Mashini za kuzisoma zilikuwa zimetoka sokoni, na kuingiza disketi ya zamani ndani ya mashini yoyote tu kungeweza kuiharibu moja kwa moja.

Msanii mmoja, Cory Arcangel, ndiye aliyefungua njia. Aliona kwenye YouTube video ya ule uzinduzi wa 1985, akajiuliza: kama Warhol alichora hivyo mbele ya watu, nyumbani alichora nini? Makumbusho ilikubali, na wanachama wa klabu ya ordinatere ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, kilichopo katika mji huohuo wa Pittsburgh, wakaitwa kusaidia.

Kazi yao ilikuwa ya ufundi na ya subira. Kwanza walitumia kifaa maalum kinachosoma alama za sumaku zilizo juu ya disketi bila kujali zina maana gani, ili kupata nakala kamili bila kuigusa disketi mara nyingi. Halafu wakafanya kazi na nakala. Hapo ndipo walikutana na ukuta mwingine: faili zilikuwa zimehifadhiwa kwa namna ambayo hakuna programu ya leo inayoielewa. Warhol alikuwa ametumia toleo la majaribio la programu ya kuchora, toleo ambalo halikuuzwa madukani. Ilibidi vijana wale wapekue wenyewe namna programu hiyo ilivyopanga rangi na nukta, mpaka picha zikatokea.

Mwezi wa nne mwaka wa 2014 matokeo yalitangazwa: picha 28 ambazo umma haukuwa umeziona. Kulikuwa na kopo la supu lililochorwa kwa mkono usiotulia, sura ya Warhol mwenyewe, na mungu wa kike Venus aliyewekewa jicho la tatu. Mtu aliyekuwa fundi mkubwa wa picha anaonekana pale akijifunza kipanya kama mtoto anayejifunza kalamu.

Kisa hakikuishia hapo. Mwezi wa tano mwaka wa 2021, nyumba ya mnada ya Christie's iliuza vyeti vya kidijitali, vile vinavyoitwa NFT, vya picha tano kati ya hizo, kwa zaidi ya dola milioni 3. Baadhi ya waliohusika na uokoaji walilalamika. Picha za Warhol zilikuwa ndogo sana, nukta 320 kwa 200 hivi, kama ordinatere za wakati ule zilivyoruhusu. Zilizouzwa zilikuwa faili kubwa mara nyingi zaidi, zilizokuzwa na watu wengine. Je, kilichouzwa ni kazi ya Warhol au ni nakala iliyotengenezwa miaka mingi baada ya kifo chake? Kwa mchoro wa karatasi, swali hilo lisingezuka kirahisi hivyo.

Flash, siyo ile ya nyimbo

Wengi mashariki mwa Congo wakisikia neno «flash» wanafikiria kile kifaa kidogo cha kubebea nyimbo na filamu. Flash inayozungumzwa hapa ni nyingine: ni programu ya kampuni ya Adobe ambayo kwa karibu miaka ishirini ndiyo iliyochezesha katuni, michezo na kazi nyingi za sanaa kwenye intaneti. Msanii alitengeneza kazi yake kwa Flash, na mtazamaji alihitaji kuwa na Flash ndani ya ordinatere yake ili aione.

Mwezi wa saba mwaka wa 2017 Adobe ilitangaza kwamba itaiacha. Programu hiyo ilikuwa na matundu mengi ambayo wezi wa mitandaoni walipitia, na telefone za iPhone hazikuwahi kuikubali. Tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka wa 2020 Adobe ilisimamisha huduma. Kuanzia tarehe 12 mwezi wa kwanza mwaka wa 2021, hata mtu aliyekuwa bado nayo alikuta kazi zimezuiwa. Faili zote zilikuwepo, lakini mlango wa kuingilia ulikuwa umefungwa na mwenye nyumba.

Waliokimbia kuokoa hawakuwa kwanza watu wa makumbusho. Walikuwa wapenzi wa michezo ya ordinatere, wengi wao wakifanya kazi bila malipo. Mradi wao mmoja, Flashpoint, umekusanya zaidi ya michezo na katuni laki moja. Wengine waliandika programu ya bure inayoitwa Ruffle, ambayo inajifanya kuwa Flash ili kazi za zamani zifunguke katika ordinatere ya kisasa. Internet Archive, shirika la San Francisco linalohifadhi kurasa za intaneti, lilianza kutumia Ruffle mwezi wa 11 mwaka wa 2020, wiki chache kabla ya Flash kuzimwa. Ni vema kukumbuka jambo hili kila mara mtu anaposema kwamba urithi unalindwa na serikali na taasisi kubwa peke yake.

Kubadilisha bila kufuta

Makumbusho ya Guggenheim ya New York ilikuwa na kazi yake ya kuhangaikia. Mwaka wa 1998 ilizindua «Brandon», kazi ya kwanza ya intaneti ambayo makumbusho hiyo iliagiza kwa msanii. Msanii ni Shu Lea Cheang, mzaliwa wa Taiwan. Kazi inamhusu Brandon Teena, kijana wa jimbo la Nebraska aliyezaliwa msichana, akaishi kama mwanaume, na akauawa mwishoni mwa mwaka wa 1993. Ni kazi ya kurasa nyingi: barabara ya usiku inayopita, picha zinazobadilika ukizigusa, maandishi yanayotembea.

Miaka ikapita, na vivinjari vya intaneti vikabadilika. Programu ndogo za Java zilizokuwa zinachezesha picha na maandishi hazikukubaliwa tena. Viungo vingi vilipeleka msomaji pasipo na kitu. Mtu aliyeingia alikuta nusu ya kazi imekufa, na kama hakuambiwa, angefikiri ndivyo msanii alivyotaka.

Mwaka wa 2016 Guggenheim ilianza kuitengeneza pamoja na walimu na wanafunzi wa ordinatere wa Chuo Kikuu cha New York. Walisoma kode yote, wakatafuta kila kipande kilichokufa, wakakiandika upya kwa lugha ambayo vivinjari vya leo vinaielewa. Lakini hawakufuta kode ya zamani. Waliiacha ndani ya faili ileile, imezimwa, na pembeni yake wakaandika maelezo: hapa palikuwa na kitu hiki, tumekibadilisha na hiki, kwa sababu hii. Mtu atakayekuja baada ya miaka thelathini ataona yote mawili. Kazi ilirudi kwa umma mwaka wa 2017.

Uzuri wa njia hiyo ni kwamba inakubali kosa. Fundi wa kesho anaweza kusema fundi wa leo hakuelewa vizuri, na akarudi kwenye kode ya asili. Fundi anayepaka rangi mpya juu ya mchoro wa zamani hamwachii mwenzake nafasi kama hiyo.

Njia nyingine ni kuiacha kazi kama ilivyo na badala yake kuidanganya: ordinatere mpya inafundishwa kuigiza tabia za ordinatere ya zamani, na kazi inafunguka ikidhani iko nyumbani kwake. Mwaka wa 2004 Guggenheim ilifanya maonyesho ambayo kazi ya zamani iliwekwa kando ya pacha wake anayeigizwa, ili watu walinganishe wenyewe. Mojawapo ilikuwa «The Erl King» ya Grahame Weinbren na Roberta Friedman, filamu ya miaka ya 1980 ambayo mtazamaji aliiongoza kwa kugusa kioo.

Mwaka wa 2015 shirika la Rhizome la New York lilitumia njia hiyohiyo kwa CD-ROM tatu za Theresa Duncan, hadithi za kuchezwa alizowatengenezea wasichana wadogo katika miaka ya 1990. Duncan alikuwa ameshafariki, na CD zake hazikufunguka tena katika mashini za kisasa. Kwa msaada wa mfumo wa Chuo Kikuu cha Freiburg cha Ujerumani, ordinatere ya zamani inaigizwa mbali, na mtazamaji anaiona kupitia intaneti. Kwa mtu wa Bunia au Bukavu anayenunua mega za siku moja, njia hiyo bado ina uzito wake: kioo chote kinasafiri kupitia mtandao, sekunde baada ya sekunde.

Televisheni 1,003 za Korea

Wakati mwingine si programu, ni mashini yenyewe. Katika makumbusho ya taifa ya sanaa ya kisasa huko Gwacheon, Korea Kusini, kuna mnara wa televisheni unaozidi mita 18. Nam June Paik, anayeitwa baba wa sanaa ya video, aliujenga mwaka wa 1988, mwaka wa michezo ya Olimpiki ya Seoul. Una televisheni 1,003, hesabu inayokumbusha tarehe 3 mwezi wa kumi, sikukuu ya kuzaliwa kwa taifa la Korea.

Ni zile televisheni za zamani, zenye mgongo mkubwa na bomba la kioo ndani. Mwaka wa 2018 mnara ulizimwa, kwa sababu ya hofu ya usalama. Viwanda vilikuwa vimeacha kutengeneza mabomba ya aina hiyo. Mafundi wa Birere au wa Kadutu wanalijua tatizo hili bila kusomea: unaitengeneza tele ya zamani kwa kuua nyingine mbili.

Wakorea walijadiliana miaka. Wengine walitaka mnara uachwe ufe kama msanii alivyokufa. Wengine walitaka televisheni zote zibadilishwe na za kisasa, bapa. Mwishowe walichukua njia ya katikati. Televisheni 737 zilitengenezwa au zikatafutiwa za zamani zilizotumika. Zile ndogo 266, ambazo hazikupatikana popote, ziliwekewa vioo vya kisasa. Mnara uliwashwa tena mwezi wa tisa mwaka wa 2022, na makumbusho ikaamua uwe unawaka saa chache tu, ili usichoke upesi.

Korea hiyohiyo ndiyo iliyotoa dola milioni 21 za kujenga Makumbusho ya Taifa ya RDC mjini Kinshasa, iliyozinduliwa mwezi wa 11 mwaka wa 2019. Jengo lile linalinda vinyago, ngoma na vyombo vya mababu. Kazi za kidijitali za Wacongo zinabaki mikononi mwa watu binafsi, katika ordinatere, disku na telefone zao, pamoja na hatari zote za umeme unaokatika na mashini zinazouzwa nyumba ikipata shida.

Vyeti 306 vya Lusanga

Na kazi hizo zipo. Huko Lusanga, jimbo la Kwilu, kundi la wasanii wa mashamba ya zamani ya mawese linaloitwa CATPC lilifanya mwaka wa 2022 jambo lililozungumziwa dunia nzima. Kuna sanamu ya mti inayomwakilisha Maximilien Balot, mtumishi wa serikali ya kikoloni ya Wabelgiji aliyeuawa mwaka wa 1931 wakati Wapende walipoasi. Wapende waliichonga ili kuifunga roho yake yenye hasira. Mtafiti wa Kimarekani aliinunua mwaka wa 1972, na baadaye ikaingia katika makumbusho ya sanaa ya Virginia, mjini Richmond.

Watu wa Lusanga waliomba waazimwe sanamu yao. Mambo yalipochelewa, wakachukua picha yake na kuigawanya katika NFT 306, zikauzwa ili pesa zisaidie kununua ardhi na kuipanda miti. Makumbusho ya Virginia haikufurahishwa. Mwaka wa 2024 sanamu yenyewe ilifika Lusanga kwa muda, na kamera zikaionyesha moja kwa moja hadi kwenye maonyesho makubwa ya Venice, Italia.

Basi NFT hizo zitaishi muda gani? NFT ni cheti kilichoandikwa katika daftari la pamoja la kidijitali linaloitwa blokicheni, na daftari hilo ni gumu kulifuta. Lakini kwa kawaida picha yenyewe haimo ndani ya daftari, kwa sababu kuiweka humo ni ghali. Ndani mna anuani tu, inayosema picha iko wapi. Anuani ikifa, mwenye cheti anabaki na cheti cha kitu kisichoonekana.

Hilo si tishio la kufikirika. Kampuni ya FTX ya Marekani ilipofilisika mwezi wa 11 mwaka wa 2022, watu waliokuwa na NFT zilizohifadhiwa kwenye mtandao wake walifungua na kukuta picha zimetoweka. Anuani zilikuwa zinawapeleka kwenye ukurasa wa habari za ufilisi. Mwaka mmoja kabla yake, soko la Hic et Nunc, lililopendwa na wasanii wa nchi maskini kwa sababu gharama zake zilikuwa ndogo, lilifungwa ghafla na mwanzilishi wake. Pale kazi zilipona, kwa kuwa picha zilikuwa zimehifadhiwa kwenye mtandao wa IPFS ambapo watu wengi wanashika nakala, na watumiaji wenyewe wakajenga soko jipya linaloitwa Teia.

Kuna tofauti ndogo hapo, lakini ndiyo inayoamua. Soko la kwanza lilishika nakala mwenyewe. La pili liliacha nakala zitawanyike.

Kwa mpiga picha wa Goma au mtengeneza katuni wa Lubumbashi, hatua za mwanzo hazihitaji pesa za Guggenheim. Faili za kazi zihifadhiwe pia katika aina zinazofunguka kwa programu nyingi, siyo tu katika aina ya programu moja inayolipiwa kila mwezi au iliyopatikana kwa njia za panya. Nakala ziwe zaidi ya moja, na zisikae nyumba moja. Waliokimbia Nyiragongo usiku wa tarehe 22 mwezi wa tano mwaka wa 2021 hawakuwa na nafasi ya kuchagua cha kubeba. Video ya kazi ikiwa inafanya kazi nayo ina thamani kubwa, kwa sababu bila ile video ya mwaka wa 1985 hakuna ambaye angeenda kutafuta disketi za Warhol.

Halafu kuna karatasi. Wataalamu wa Guggenheim na wenzao wa Canada walitengeneza orodha ya maswali ya kumuuliza msanii wakati bado yuko hai: kioo kikiharibika, kiwekwe cha aina nyingine? Rangi zikibadilika kidogo, ni sawa? Kazi ikienda kasi zaidi kwa sababu mashini mpya ina nguvu, inabaki kazi yako? Programu ikifa, mtu mwingine aiandike upya, au iachwe? Paik hakuwepo tena kuwajibu Wakorea walipokuwa wanabishana juu ya televisheni 266. Shu Lea Cheang bado yupo. Wasanii wa Lusanga nao wapo.